Mstari wa Kijani Kwenye Barabara ya Mlimani

Mkono wa Mama Futi bado uko juu ya ramani, msomaji, pale pale tulipouacha Jumamosi iliyopita. Ukumbi wa halmashauri umejaa hadi madirishani. Madiwani ishirini na wawili wamemkodolea macho. Na barabara ya mlimani, aliyoichora mwenyewe kwa wino mwekundu kumaanisha vigari vya umeme marufuku, sasa iko mbele yake ikiwa ya kijani, maana yake ruksa. Chini kuna saini. Saini yake.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, mambo yako hivi. Vigari vidogo vya umeme, vile vya viti vinne visivyozidi kilomita arobaini kwa saa, vimeingia mjini kwa wingi, na halmashauri imetakiwa iseme vipite wapi na visipite wapi. Kazi hiyo ilimwangukia mhandisi wa barabara, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja ambaye mji mzima humwita Mama Futi kwa sababu hatoki nyumbani bila tepu ya kupimia. Barabara za katikati ya mji alizipaka kijani bila ubishi. Ya mlimani, inayopitiwa na malori ya mawe, aliikataa.

Anayeongoza kumpinga ni diwani wa kata ya mlimani. Diwani huyo ni wifi yake, dada wa mumewe. Tangu siku ya harusi wawili hawa hawajawahi kukaa meza moja wakamaliza kikombe cha chai.

"Mhandisi, swali langu ni fupi," wifi alisema akiwa amesimama. "Hiyo saini ni yako au si yako?"

Mama Futi aliinamia ramani. Kilichomvuta macho si saini. Ni ule mstari.

Mashine ya kuchapa ramani kubwa iliharibika tangu mwaka juzi, kwa hiyo ramani rasmi ilichorwa kwa mkono, kwenye karatasi ngumu ya plastiki ambayo wino wake hukwanguka kwa wembe. Mtu alikuwa ameukwangua wekundu wote, akachora kijani juu yake, saini akaiacha kama ilivyo. Na mtu huyo alikuwa fundi. Kalamu haikutetemeka popote. Kwenye kila kona ilikuwa imeinuliwa kidogo, ikaacha kitone cha wino kidogo kama punje ya ufuta. Mama Futi aliwajua watu wawili tu wanaomalizia kona namna ile. Mmoja ni yeye. Mwingine ni aliyemfundisha.

Aliinua macho kuelekea viti vya wananchi. Safu ya mbele, fimbo katikati ya magoti, alikaa mama mkwe wake, mchora ramani mstaafu wa idara ya ardhi. Bibi yule alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Saini ni yangu," Mama Futi alisema hatimaye. "Mstari si wangu."

Ukumbi ukachafuka. Mmoja alitaka polisi waitwe hapo hapo. Mwingine alisema mhandisi amelewa cheo. Wifi hakupandisha sauti hata kidogo. Aliwaambia wenzake kwamba mke wa kaka yake anaishi bondeni, kwenye lami na taa, na kwamba watu wa mlimani kwake ni vumbi la kwenye viatu. Kigari kimoja cha umeme, alisema, kingemfikisha mgonjwa kliniki kwa dakika kumi na tano, lakini kuna mtu ameamua wagonjwa watembee. Wananchi walipiga makofi. Mama Futi akaona mikono ya mama mkwe wake imetulia juu ya fimbo, haipigi.

Mwenyekiti wa halmashauri, mtu mpole wa sauti na mgumu wa shingo, aligonga meza. Alitoa mapumziko mpaka saa saba kamili. Wakirudi, alisema, mhandisi ataje ni nani aliyegusa ramani, au ramani ipigiwe kura kama ilivyo.

Ilikuwa saa tano na nusu.

Alimkuta mama mkwe katika chumba cha kunawia cha wanawake, ameegemea sinki, anakanda goti lililovimba. Mama Futi alifunga mlango kwa komeo.

"Mama, kwa nini?"

Bibi hakujisumbua kukana. Alifungua bomba, akanawa, akajifuta kwa upindo wa nguo yake taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Mwezi wa pili wewe ulikuwa umesimama kule chini ya mlima," alisema. "Una tepu yako na kofia yako ya kazi. Ukaniona ninashushwa kwa toroli. Toroli la saruji. Majirani wawili wanasukuma, watoto wa shule wananicheka. Ukaniamkia, kisha ukaendelea kupima."

Mama Futi aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Alijaribu kueleza kilichokuwa kimemweka pale. Kwenye kona kubwa, dereva wa lori anayeshuka hukiona kilicho mbele yake kikiwa mita sitini tu, mwamba umemziba. Lori lililojaa mawe, kwa mwendo linaoshuka nao, haliwezi kusimama chini ya mita mia moja na ishirini. Kigari kinachopanda pale kitakuwa kinatambaa. Hakina pa kukimbilia, kwa sababu upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni korongo.

"Toroli lilikurudisha nyumbani, mama. Kile kigari hakitakurudisha."

Lilikuwa neno kali, na alijua ni kali wakati linamtoka. Mama mkwe alilipokea bila kutikisika. Kisha akauliza swali ambalo Mama Futi alikuwa akilikimbia tangu mwezi wa pili.

"Malori ndiyo yanayokimbia. Kwa nini hukupunguza mwendo wa malori? Ukamfungia njia mwenye miguu mibovu, mwenye injini ukamwacha apite. Nilikufundisha kuchora miaka mitatu, binti. Hilo sikukufundisha."

Jibu Mama Futi alikuwa nalo, na jibu lenyewe lilikuwa aibu. Badala ya kulitoa akauliza ramani ilimfikiaje, maana kabati la ramani lina ufunguo mmoja, na ufunguo hukaa ndani ya mkoba wake.

Bibi alichukua fimbo yake. "Nani mwingine anaufikia mkoba wako?" alisema, akafungua komeo, akatoka.

Karakana ya halmashauri iko nyuma ya ukumbi, ng'ambo ya uwanja wa mabomba na lami iliyomwagika. Mumewe amefanya kazi humo miaka kumi na mitano sasa, fundi wa vibao vya barabarani. Mtu wa maneno machache, tena si mtu wa ugomvi. Wakikosana nyumbani, yeye hutoka akaenda kuosha baiskeli.

Alimkuta amechuchumaa katikati ya vibao kumi na viwili vilivyoanikwa chini, vyote vya kijani, kila kimoja na picha nyeupe ya kigari kidogo. Rangi ilikuwa bado inang'aa. Kura haijapigwa, na vibao viko tayari.

Alimuuliza kama ni yeye aliyechukua ufunguo. Mumewe alisema ndiyo. Aliuchukua Jumapili jioni mkewe akiwa anaoga, akaurudisha Jumanne. Siku mbili nzima, alisema, na hukugundua. Hakuonyesha kujuta. Aliendelea kufuta brashi kwa tambara lenye mafuta ya taa, unywele mmoja mmoja.

Akasema dada yake hakumtuma kuchukua ramani. Dada aliagiza vibao tu, kwa mdomo, akaamini kura itafuata. Ramani ni yeye na mama yao. Walikaa meza ya jikoni na taa ya kusomea, mama anakwangua, yeye anashika rula.

"Mama yako atafungwa kwa kughushi hati ya serikali," Mama Futi alisema. "Na wewe pamoja naye."

"Tutafungwa tumeshafanya kitu."

"Umenifanyia mimi hivi? Kwa saini yangu?"

Hapo mumewe alisimama, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba ya ndoa alimwinulia sauti. Alimwambia kwamba amepima kila barabara ya mji huu na hajawahi kupima umbali kutoka kitandani kwa mama yake hadi mlangoni. Alimwambia kwamba alimwomba mara tatu, nyumbani, kwa upole, atafute njia yoyote, na mara zote tatu alijibiwa kama mteja wa dirishani. Akamwambia kwamba chini ya mlima, tangu asubuhi, watu wamepanga vigari vyao thelathini kwenye mstari wakisubiri vibao hivi, na wengi wamebeba wagonjwa wao.

Mama Futi alimjibu kwamba wakipanda kabla malori hayajazuiwa, watu watakufa, na damu ya wa kwanza itakuwa mikononi mwake yeye atakayesimika kibao. Malori husimama saa sita kwa chakula na kuanza kushuka tena saa saba na nusu. Alimsihi asubiri. Alisema anarudi ukumbini kulisema jambo ambalo alipaswa kulisema zamani, na kwamba likisikika, barabara itafunguka kwa haki.

Mumewe alichuchumaa tena kwenye vibao vyake. Hakusema atasubiri. Hakusema hatasubiri. Mama Futi, kwa haraka aliyokuwa nayo, alikichukua kimya kile kama ndiyo.

Saa saba kamili mwenyekiti alimwita mbele.

Alisimama bila karatasi. Alisema rasimu yake ya kwanza ya mpango ule haikuifunga barabara ya mlimani. Ilipendekeza malori yashushwe mwendo hadi kilomita thelathini, mwamba wa kwenye kona uchongwe ili dereva aone mbali, na malori na vigari vigawiwe saa tofauti za kupita. Kwa masharti hayo matatu, barabara ile ingekuwa ya kijani kwa halali.

"Rasimu hiyo iko wapi?" wifi aliuliza, na ilikuwa dhahiri hakuwahi kusikia habari zake.

"Niliifuta," Mama Futi alisema. "Niliitwa ofisini kwa mwenyekiti. Nikaambiwa machimbo ya mawe hayatakubali malori yao yatambae, na kwamba mhandisi mwenye busara hafungui mlango asioweza kuufunga. Nikaenda nikafuta kurasa nne. Nikapaka barabara nyekundu, kwa sababu nyekundu haimgusi mkubwa yeyote. Hilo nimelifanya mimi. Hakuna aliyenishika mkono."

Vurugu ikazuka. Wifi alikuwa amemgeukia mwenyekiti, ambaye ameketi kiti cha pili kutoka kwake kwa miaka minne, ambaye alimshika bega hadharani akamwita sauti ya mlimani. Alimuuliza kama ni kweli. Mwenyekiti alisema hayo ni mambo ya ofisi na hayamo kwenye ajenda. Alimuuliza tena. Mwenyekiti alimwambia akae, au atolewe nje.

Usidhani, msomaji, kwamba mawifi wawili walikumbatiana. Wifi alimrukia Mama Futi kwa maneno makali. Alimwita mwoga. Alisema miezi mitano ameitwa mchochezi na watu wake wameitwa wajinga wasiojua hatari, kumbe dawa ilikuwepo, imelala kwenye jalala la karatasi, na aliyeitupa ni mtu anayekula pilau kwenye sherehe za familia yao.  

Mwenyekiti alingoja watulie. Mtu huyu anajua kungoja.

"Tumesikia majuto ya mhandisi," alisema kwa ile sauti yake ya taratibu. "Sasa nataka jina. Hati ya serikali imekwanguliwa kwa wembe. Nani?"

Askari wawili wa halmashauri walisogea mlangoni.

Mama Futi alitazama ramani. Alijua akitaja jina, bibi wa miaka sabini na mbili ataondoka hapo mikononi mwa polisi, pensheni na heshima yake vyote vimekwenda. Akinyamaza, lawama ni yake, na kazi amepoteza. Wala hakuwa na mapenzi ya kumwezesha kuchagua kirahisi. Mwanamke yule hajawahi kumwita kwa jina jema tangu aingie nyumba ile. Alivuta pumzi.

"Ramani ilikuwa chini ya dhamana yangu," alianza. "Kwa hiyo aliyei..."

"Kaa chini."

Sauti ilitoka safu ya mbele ya wananchi. Mama mkwe alikuwa anainuka, goti linakataa, fimbo inateleza kwenye sakafu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Iliwachukua wote muda mrefu kumsubiri asimame wima.

"Mstari ni wangu," alisema. "Nilichora barabara za nchi hii miaka thelathini na moja, na mwenye macho angeujua mkono wangu asubuhi hii hii. Huyu aliujua. Nilimwona alipoujua. Akanyamaza."

Wifi alishika meza kwa mikono miwili. Hakuwa anajua. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hakuwa anajua.

"Msidhani ninamtetea," bibi aliendelea. "Simpendi. Miaka kumi na saba simpendi, na leo amenipa sababu nyingine. Lakini nilipokuwa nakwangua ule wekundu, nilizisoma namba zake za pembeni. Mita sitini na mita mia na ishirini. Nikazikokotoa upya mwenyewe, mara mbili. Ni za kweli. Nikachora kijani hivyo hivyo. Nilikuwa na hasira na lile toroli. Nikatia watu wote wa mlimani ndani ya hasira yangu. Kwa hiyo niandikeni mimi jina. Na hiyo barabara msiifungue leo. Punguzeni malori kwanza."

Akakaa. Askari walimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama karatasi zake. Diwani mmoja mzee wa kata ya sokoni alisimama, akaomba hoja ibadilishwe: ramani irudishwe kwa mhandisi, rasimu ya kwanza iandikwe upya iletwe mezani, na wenye malori waitwe kujieleza. Mikono ilianza kupanda. Mama Futi aliihesabu bila kutaka. Kumi. Kumi na mbili. Wa kumi na tatu ulikuwa wa wifi, ameuinua huku amegeuza uso pembeni asimwone Mama Futi, aliyenufaika nao.

Hoja imepita. Mwenyekiti alilazimika kulisema kwa mdomo wake.

Ndipo simu ya wifi ilipoanza kuita. Aliikata. Ikaita tena. Aliipokea akiwa bado amesimama, na walio karibu walisikia vifijo vinavyotoka ndani yake. Ni mmoja wa wapiga kura wake, anampongeza. Anamshukuru kwa niaba ya mlima mzima. Anasema vibao vimesimama, kuanzia chini kabisa, vizuri kweli, vinang'aa.

"Vibao gani?" wifi aliuliza. "Nani amevisimika?"

Alisikiliza. Polepole akageuka kumtazama Mama Futi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hapakuwa na chuki machoni mwake, kwa sababu hofu ilikuwa imejaa kote.

"Kaka yangu," alisema. "Alipita navyo robo saa iliyopita. Vigari vinapanda."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika thelathini na tatu.

Mama Futi alikuwa ameshatoka na simu sikioni. Alisukuma askari wa mlangoni kwa bega, akashuka ngazi mbili mbili. Nyuma yake alisikia viatu vya wifi. Simu iliita mara nne. Mumewe akapokea, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu binti yao azaliwe.

Alisema yuko kwenye kigari cha kwanza, anaendesha mwenyewe, awaonyeshe watu njia. Alisema vya nyuma vimefuatana kama shanga. Alimwambia sikiliza, akaitoa simu nje ya dirisha.

Mama Futi akasikia vifijo, vigelegele, na mlio mwembamba wa mota za umeme zikihangaika na mlima. Alikuwa anapiga kelele asimame, arudi nyuma, ageuze, lakini simu ilikuwa nje ya dirisha na hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Kisha, kutoka juu, nyuma ya mwamba, ikaja honi ndefu isiyokatika.

Mumewe alirudisha simu sikioni. "Subiri kidogo, mama watoto," alisema kwa utulivu. "Kuna kitu kwenye ko..."

Na vifijo vyote vikakatika mara moja.